Chupa Yarudi Dukani: Habari za Taka katika Jimbo la Oregon

Msomaji, vitabu vya historia hutujaza habari za wafalme, vita, mikataba na safari za baharini. Ni nadra kukuta ukurasa mmoja uliotengewa taka. Lakini hakuna taifa lililopata kuishi bila ya kuacha nyuma yake maganda, majivu, vigae na matambara, na wachimbuaji wa mambo ya kale hujifunza mengi juu ya watu wa zamani kwa kufukua majaa yao. Taka ni ushahidi. Huonyesha watu walikula nini, walitumia nini, na walikithamini kitu gani. Basi namna watu wanavyozitawala taka zao nayo ni sehemu ya historia yao, tena ni sehemu isiyoweza kufichwa kwa maneno matamu.

Katika insha hii nataka tufuate swali moja tu. Kitu kikiisha kazi yake, nani ana wajibu nacho? Chukua chupa tupu. Je, ni mzigo wa mnywaji aliyeinunua, au wa mwenye duka aliyeiuza, au wa kiwanda kilichoijaza, au wa serikali inayofagia barabara? Swali hili laonekana dogo, lakini watu wa jimbo la Oregon, huko Marekani, wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 50. Wamelitungia sheria, wakazirekebisha sheria hizo, wakashindwa mahali, kisha wakaanza tena. Habari zao zafaa kusomwa hasa kwa sababu si habari za ushindi mmoja. Ni habari za watu waliojifunza polepole, na wakati mwingine kwa gharama kubwa.

Kwanza tujue mahali penyewe. Oregon iko magharibi ya Marekani, nayo hupakana na bahari ya Pasifiki. Ukubwa wake ni chini kidogo ya nusu ya Kenya. Ina misitu mirefu, milima yenye theluji, na mto Willamette ambao bonde lake limebeba miji mikubwa ya jimbo, yaani Portland na Salem, mji mkuu. Mwaka 1970 jimbo lilikuwa na watu wapatao milioni 2. Leo wamezidi milioni 4. Marekani ni nchi ya shirikisho: kila jimbo lina bunge lake, gavana wake na mahakama zake, na mambo mengi ya taka yameachiwa majimbo yenyewe. Hata sheria ya nchi nzima ya mwaka 1976 juu ya taka haikuyanyang'anya majimbo kazi hiyo, bali iliyahimiza yafanye mipango. Kwa hiyo jimbo moja laweza kuthubutu jambo ambalo jirani yake hathubutu.

Sasa turudi nyuma kidogo. Zamani, Marekani kama kwingineko, chupa ya bia au ya soda ilikuwa mali ya kiwanda. Mnunuzi aliacha fedha kidogo dukani kama amana, na alipoirudisha chupa alipewa fedha zake. Chupa ilioshwa, ikajazwa tena, ikarudi sokoni mara nyingi kabla ya kuvunjika. Utaratibu huu haukuanzishwa kwa ajili ya kulinda mazingira. Ulianzishwa kwa kuwa kioo kilikuwa na bei, na mwenye kiwanda hakupenda kupoteza mali yake.

Mambo yalianza kubadilika pole pole. Mikebe ya bia ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1935, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mikebe na chupa za kutupwa zilienea upesi. Wenye viwanda waliona faida. Chupa isiyorudi haihitaji gari la kuirudisha, wala mtu wa kuiosha, wala ghala la kuihifadhi. Kiwanda kimoja kikubwa kiliweza kuuza vinywaji mbali sana bila ya kuhangaika na vyombo vitupu. Wanunuzi nao walifurahia wepesi huo. Lakini gharama haikutoweka, msomaji, ilihama tu. Ilitoka katika daftari la kiwanda ikaangukia ukingo wa barabara, mashamba, fukwe, na mifuko ya walipa kodi waliopaswa kulipia usafi. Mkulima ambaye ng'ombe wake alikanyaga kigae cha chupa alikuwa analipa sehemu ya bei ya kinywaji ambacho hakukinywa.

Jimbo la Vermont, lililo upande wa pili wa Marekani, lilijaribu kupinga hali hii mapema. Mwaka 1953 lilipiga marufuku uuzaji wa bia katika chupa za kutupwa. Lakini sheria hiyo iliachwa ifikie kikomo chake mwaka 1957, na chupa za kutupwa zikaendelea na safari yao. Ilibidi ingojewe miaka kadhaa kabla ya jambo hilo kushikwa tena kwa nguvu.

Walioshika jambo hilo katika Oregon walikuwa watu wa hali mbalimbali. Mmoja alikuwa Richard Chambers, muuzaji bidhaa aliyependa kutembea kwa miguu pwani na milimani, akiokota taka njiani. Mwaka 1968 alisoma gazetini kwamba British Columbia, jimbo la Kanada lililo kaskazini, ilikuwa inafikiri kuzuia vyombo visivyorudishwa. Akamwendea Paul Hanneman, mjumbe katika bunge la Oregon, akamsihi apeleke mswada. Mswada huo ulifikishwa bungeni mwaka 1969, nao ulianguka. Makampuni ya mikebe, ya chupa na ya vinywaji yalikuwa na wasemaji hodari, na wajumbe wengi waliogopa kwamba kazi zingepotea.

Gavana wa wakati ule alikuwa Tom McCall, aliyeongoza tangu 1967 hadi 1975. Kabla ya kuwa gavana alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1962 alitengeneza filamu ya televisheni iliyowaonyesha watu jinsi mto Willamette ulivyokuwa umechafuliwa. Mwaka 1967 aliunga mkono sheria iliyohakikisha kwamba fukwe za jimbo ni za watu wote. Mtu kama huyu hakuweza kuupuuza mswada wa chupa. Mwaka 1971 ulirudishwa bungeni, ukapita, na McCall akautia sahihi. Ulianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1972, nao ulikuwa sheria ya kwanza ya namna yake katika Marekani.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka. Kila chupa au mkebe wa bia au wa soda uliwekewa amana ya angalau senti 5. Chupa za namna moja, ambazo viwanda kadhaa viliweza kuzijaza tena, ziliwekewa senti 2 tu, ili watu wavutwe kuzitumia. Mnunuzi akirudisha chombo, duka lilipaswa kumpa fedha zake, nalo duka lilirudishiwa fedha hizo na msambazaji wa kinywaji. Zaidi ya hayo, mikebe yenye kifuniko cha kung'olewa na kutupwa ilikatazwa, maana vipande vile vikali vilikuwa vikikata nyayo za watu ufukweni.

Makampuni hayakukubali kushindwa. Yalikwenda mahakamani yakidai kwamba jimbo lilikuwa linaingilia biashara ya nchi nzima. Mwaka 1973 mahakama ya rufani ya Oregon iliamua kwamba sheria ni halali. Na matokeo yalionekana machoni. Mwaka 1971 vyombo vya vinywaji vilikuwa kiasi cha asilimia 40 ya takataka zilizotupwa kando ya barabara. Mwaka 1973 vilikuwa asilimia 10.8, na mwaka 1979 asilimia 6. Tokea hapo majimbo mengine yalifuata, Vermont na Michigan yakiwa miongoni mwao, na leo majimbo 10 ya Marekani yana sheria ya amana.

Yafaa tujiulize kwa nini sheria hii ilifaulu pale ambapo mabango ya kuwaonya watu yalishindwa. Jibu ni kwamba haikutegemea wema wa moyo peke yake. Kitu kisicho na thamani hutupwa. Kitu chenye thamani huokotwa. Hata kama mnywaji mvivu aliitupa chupa, mtoto au maskini aliiokota, kwa kuwa palikuwa na senti 5 ndani yake. Tena wajibu uligawanywa katika mnyororo mzima: mnywaji, mwenye duka, msambazaji. Hakuna aliyeweza kusema, "Hiyo si kazi yangu."

Lakini chupa na mikebe ni sehemu ndogo tu ya taka za nyumba. Je, magazeti, makaratasi, mabati, mabaki ya chakula na majani ya bustani? Mwaka 1983 bunge la Oregon lilichukua hatua ya pili. Lilitunga sheria iliyosema kwamba kila mkazi lazima apewe nafasi ya kutenganisha taka zake ili ziweze kufanywa upya. Kila mji wenye watu 4,000 au zaidi ulipaswa kuhakikisha kwamba vitu vilivyotenganishwa vinachukuliwa nyumbani angalau mara moja kwa mwezi, na kila jaa lilipaswa kuwa na mahali pa kuviweka. Kwa njia hii mpango ulitoka dukani ukaingia katika kila nyumba.

Sheria hiyo iliweka pia jambo lililo kubwa kuliko magari na mapipa. Ilipanga daraja za vitendo, kimoja baada ya kingine. Kwanza, punguza taka zisizaliwe. Pili, tumia kitu tena kama kilivyo. Tatu, kichakate kiwe kitu kipya. Baada ya hapo, ikiwa hapana budi, kichome upate nishati. Mwisho kabisa, kizike jaani. Baadaye kutengeneza mboji nako kuliongezwa katika orodha. Naomba uzikumbuke daraja hizi, msomaji, kwa sababu sehemu iliyobaki ya habari hii yaonyesha jinsi ilivyo rahisi kuziandika na jinsi ilivyo vigumu kuzifuata. Watu hupenda daraja ya tatu, kwa kuwa yaruhusu kununua kama zamani na kulala usingizi mzuri. Daraja ya kwanza huwatisha, kwa kuwa yawaambia wanunue kidogo na watengeneze kidogo.

Mwaka 1991 Oregon iliingia katika zama za kuhesabu. Sheria mpya iliweka lengo kwa jimbo zima: kufikia mwaka 2000, nusu ya taka, yaani asilimia 50, ziwe zinarudishwa katika matumizi badala ya kuzikwa au kuchomwa bure. Idara ya Ubora wa Mazingira ya jimbo iliagizwa kupima taka kila mwaka na kuandika mpango wa jimbo lote, na mpango wa miaka ya 1995 hadi 2005 ukatolewa. Majimbo mengine yalifanya vivyo hivyo katika miaka ile. California, kwa mfano, ilikwisha kuitaka miji yake mwaka 1989 ipunguze taka za majaani kwa asilimia 25 kufikia 1995 na asilimia 50 kufikia 2000.

Mwaka 2000 ulifika, na Oregon haikuifikia nusu yake. Wengine wangeficha kitabu cha hesabu. Bunge la jimbo lilifanya kinyume chake: mwaka 2001 liliweka malengo mapya, asilimia 45 kufikia 2005 na asilimia 50 kufikia 2009. Lakini liliongeza jambo ambalo halikuwa katika lengo la kwanza. Lilisema kwamba kuanzia 2005 taka za kila mtu zisizidi mwaka hata mwaka, na kuanzia 2009 jumla ya taka za jimbo lote isiongezeke.

Kwa nini waliongeza hayo? Tufanye hesabu ndogo. Tuseme nyumba moja hutoa kilo 100 za taka kwa mwezi, na kilo 50 huchakatwa. Imefikia asilimia 50, na kilo 50 zimekwenda jaani. Mwaka wa pili nyumba hiyo yatoa kilo 140, na kilo 70 huchakatwa. Asilimia ni ile ile 50, na wenye nyumba wanaweza kujisifu kwamba hawakurudi nyuma. Lakini kilo 70 zimekwenda jaani badala ya 50. Asilimia imesimama mahali pamoja, huku jaa likikua. Hivyo ndivyo hesabu nzuri iwezavyo kumdanganya mwenye kuihesabu. Oregon iliona kwamba kuchakata taka nyingi zaidi si sawa na kuwa na taka chache zaidi.

Uchunguzi uliofuata uliwafikisha mbali zaidi. Mwaka 2009 idara hiyo ilitoa uchunguzi uliolinganisha maji ya mferejini na maji ya chupa, kuanzia mahali plastiki inapotengenezwa mpaka chupa inapoishia. Ilionekana kwamba kuichakata chupa ni bora kuliko kuitupa. Lakini mtu anayejaza chombo chake kwa maji ya mfereji huleta madhara machache sana kuliko yule anayenunua maji ya chupa na kuichakata kila chupa kwa uaminifu. Sababu ni kwamba madhara mengi hutokea kabla chupa haijafika mkononi mwa mnunuzi: katika mafuta yanayochimbwa, katika kiwanda, katika barabara ndefu ya malori. Jaa ni ukurasa wa mwisho tu wa kitabu kirefu.

Kutokana na fikira hizo, mwishoni mwa mwaka 2012 jimbo lilikubali mpango mpya unaotazama hadi mwaka 2050. Hata jina la kazi lilibadilika. Badala ya kusema juu ya kutawala taka, walisema juu ya kutawala vitu vyenyewe katika maisha yao yote: vinavyochimbwa, vinavyotengenezwa, vinavyonunuliwa, vinavyotumika na vinavyoachwa. Mwaka 2015 bunge liliweka tena malengo, asilimia 52 ya taka kurudishwa kufikia 2020 na asilimia 55 kufikia 2025, pamoja na malengo maalumu kwa mabaki ya chakula na plastiki. Lengo la 2020 halikufikiwa. Mpango mwema haujitekelezi wenyewe.

Wakati huo huo, sheria ya zamani ya chupa ilikuwa inachoka. Maji ya chupa, ambayo mwaka 1971 hayakuwa na soko kubwa, yalikuja kuongezwa katika sheria kuanzia 2009. Lakini senti 5 zilikuwa zimebaki senti zile zile kwa zaidi ya miaka 40, na fedha hupungua nguvu. Kilichonunuliwa kwa senti 5 mwaka 1971 kilihitaji karibu senti 30 mwaka 2017. Watu wengi hawakuona tena sababu ya kubeba mfuko wa mikebe hadi dukani. Kwa bahati njema, bunge lilikwisha kuona mbele. Sheria ya mwaka 2011 ilisema kwamba ikiwa vyombo vinavyorudishwa vitapungua chini ya asilimia 80 kwa miaka 2 mfululizo, amana itapanda yenyewe hadi senti 10. Ikawa hivyo, na tangu Aprili 2017 amana ni senti 10. Mwaka 2018 vyombo vilivyorudishwa vilipanda tena hadi karibu asilimia 90. Hapa tunaona hekima ya watunga sheria wanaojua kwamba sheria, kama paa la makuti, huhitaji kuezekwa upya.

Kisha likaja pigo lililotoka ng'ambo ya bahari. Kwa miaka mingi majimbo ya magharibi ya Marekani yalikuwa yanapakia karatasi na plastiki zilizokusanywa majumbani na kuziuza China. Meli zilizoleta bidhaa kutoka China zilihitaji mzigo wa kurudi nao, na taka zilikuwa mzigo wa bei nafuu. Mkazi wa Portland aliweka chupa na makaratasi katika pipa lake akiamini kwamba ametimiza wajibu. Hakujua kwamba mara nyingi mali hiyo ilikuwa imechanganyika na uchafu, na kwamba mtu mwingine mbali sana ndiye aliyeachiwa kuutenga. Mwaka 2017 China ilitangaza kwamba haitapokea tena aina 24 za taka, na katazo hilo likaanza mwanzoni mwa 2018. Mwaka huo huo iliweka kiwango kikali cha usafi, kisichozidi nusu ya asilimia moja ya uchafu katika mizigo mingi iliyobaki.

Katika Oregon marobota yalirundikana. Wachambuzi wa taka walikosa wanunuzi, gharama zikapanda kwa miji na wakazi, na serikali ya jimbo ililazimika kuruhusu baadhi ya vitu vilivyokusanywa ili vichakatwe vipelekwe jaani. Fikiri jinsi habari hiyo ilivyowachoma watu waliokuwa wakiosha mikebe na kukunja maboksi kwa miaka mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huo ulikuwapo siku zote: jimbo lilikuwa limejifunza kukusanya, lakini halikuwa limehakikisha kwamba kilichokusanywa kina mahali pa kwenda.

Basi swali letu la kwanza likarudi, sasa kwa sauti kubwa. Nani ana wajibu? Kwa miaka mingi Oregon ilikuwa imejibu kwa chupa: mnywaji, duka na msambazaji. Mwaka 2009 ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuwataka watengenezaji wa rangi za nyumba wagharimie ukusanyaji wa rangi zilizobaki. Lakini kwa vifungashio vingi, yaani maboksi, vikopo vya maziwa na vyombo vya sabuni, gharama ilibaki kwa mkazi na mji wake, ambao hawakuchagua chombo kitengenezwe kwa kitu gani. Anayechagua alikuwa mtengenezaji, naye hakulipa.

Mwaka 2021 bunge lilipitisha sheria ya kuutengeneza upya mfumo mzima. Wenye kuuza bidhaa katika vifungashio na karatasi sasa wanapaswa kujiunga na shirika la pamoja na kulipa ada. Viwanda vidogo vimesamehewa. Fedha hizo husaidia miji kununua magari na mapipa, na kuviwezesha viwanda vya kuchambua taka. Jimbo lote lina orodha moja ya vitu vinavyopokewa, ili mtu akihama mji asilazimike kujifunza upya. Wanaouza vitu vilivyochambuliwa lazima waweze kuonyesha vinaishia wapi, na wafanyakazi wa viwanda vya kuchambua lazima walipwe mshahara wa kutosha maisha. Utekelezaji ulianza tarehe 1 Julai 2025. Na kama ilivyokuwa baada ya 1971, baadhi ya wafanyabiashara walikwenda mahakamani mwaka 2025 kuipinga. Mabishano hayajaisha, wala si ajabu. Pale gharama inapohama, anayepokea mzigo hupiga kelele.

Msomaji wa Kenya aweza kusema, "Hayo ni ya Wamarekani." Lakini wengi wetu twaijua soda ya chupa ya kioo, ambayo mwenye duka hakuachi uondoke nayo mpaka uache chupa nyingine au fedha mahali pake. Hiyo ndiyo amana ya zamani, ambayo Oregon ililazimika kuirudisha kwa nguvu ya sheria baada ya kuiacha ipotee. Katiba yetu ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kutunza majaa. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutumika, na hiyo ilikuwa daraja ya kwanza, kuzuia taka zisizaliwe. Na sheria yetu ya mwaka 2022 juu ya utunzaji wa taka imezitaka kaunti kuwa na mipango, imewataka watu watenganishe taka tangu nyumbani, na imewabebesha watengenezaji wajibu juu ya bidhaa zao hata baada ya kuuzwa. Sheria ya Oregon na yetu hazikuzaana, lakini zote zinajibu swali lile lile.

Kwa hiyo, unaposikia kwamba mpango wa taka umetungwa, mahali popote duniani, usitosheke na jina lake. Uliza: je, umeanza na kupunguza, au umeanza na kukusanya? Je, unapima asilimia tu, au wapima pia jumla? Je, kilichokusanywa kina mnunuzi, na huyo mnunuzi yuko wapi, na wafanyakazi wake wanaishije? Je, mwenye kuchagua aina ya kifungashio ndiye mwenye kulipa? Na fedha zilizowekwa leo, zitakuwa na nguvu baada ya miaka 20? Watu wa Oregon walihitaji zaidi ya nusu karne kujifunza maswali hayo, na baadhi yao hawajayajibu bado. Wewe umeyapata katika kusoma kwa muda mfupi. Yatumie, maana kaunti yako inaandika mpango wake katika siku zako, na majaa yatakayochimbuliwa na wajukuu wako yatasema kama uliuliza au ulinyamaza.